Maswali na Majibu: Njia za kuona katika ubongo wa kipanya na wenzake

Safu ya toleo hili ni ya jicho na ubongo. Waliotuandikia ni wanafunzi wa zoolojia, walimu na mafundi wa maabara, na wengi wao wamekwama mahali pamoja: wanachukua mchoro wa ubongo wa binadamu, wanaupunguza ukubwa, kisha wanautafuta ndani ya ubongo wa mnyama mdogo. Hawaukuti, kwa sababu haumo.

Tukubaliane maneno mawili kwanza. Tukisema kipanya tunamaanisha Mus musculus wa maabara, ambaye ubongo wake hauzidi nusu gramu. Tukisema panya tunamaanisha Rattus norvegicus, mwenye ubongo wa gramu 2 hivi.

Swali: Shikamooni wataalamu. Tumefundishwa kwamba kwenye kiazma, pale neva mbili za macho zinapokutana, nusu ya nyuzi huvuka upande wa pili na nusu hubaki. Nimetia rangi jicho la kulia la kipanya mweusi, na karibu rangi yote nimeikuta upande wa kushoto wa ubongo. Nimeharibu wapi? (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Jibu: Marahaba. Hujaharibu kitu, ulichokiona ndicho kilichopo. Habari ya nusu kwa nusu ni ya binadamu na nyani, na hata kwa binadamu zinazovuka ni nyingi kidogo kuliko zinazobaki. Kwa kipanya mwenye rangi ya kawaida, nyuzi zisizovuka ni kama 3 hadi 5 tu katika kila 100. Panya naye yumo humo humo. Paka anafika robo au zaidi kidogo.

Chanzo ni mkao wa macho. Macho ya kipanya yametazama pembeni, kila jicho na upande wake, na eneo linaloonwa na macho yote mawili kwa pamoja ni jembamba, kama digrii 40, mbele na juu ya kichwa. Nyuzi zisizovuka zinahudumia eneo hilo tu. Kwa hiyo hazitoki kila mahali kwenye retina, bali kwenye ukanda wenye umbo la hilali, ukingoni, chini upande wa sikio. Hata ndani ya hilali hiyo seli zinazovuka bado ndizo nyingi. Seli zinazobaki upande wao zina protini iitwayo Zic2, ambayo huzifanya zitengeneze kipokezi EphB1. Akzoni zake, yaani nyuzi ndefu za seli hizo, zikifika katikati ya kiazma zinakutana na efrini-B2, molekuli inayozifukuza, juu ya seli za glia (seli saidizi za ubongo), zinasukumwa, zinageuka. Akzoni zisizo na kipokezi hicho zinapita bila kizuizi.

Ili uzione nyuzi hizo chache, nenda kwenye thalamasi ya upande uleule wa jicho ulilotia rangi, upande wa kulia kwako wewe. Utakuta kiraka kidogo kinachong'aa ndani ya kiini cha goti, kituo cha thalamasi kinachopeleka habari za jicho kwenye gamba, kuelekea juu na ndani, na pembeni yake giza. Sasa tazama upande wa kushoto mahali hapohapo: utakuta tundu jeusi lenye umbo lilelile katikati ya mwanga. Viraka hivyo viwili vikilingana, kazi yako imekwenda sawa.

Tahadhari juu ya albino. Kipanya wa ukoo wa BALB/c, au panya weupe wa Wistar na Sprague-Dawley, wana nyuzi zisizovuka chache kuliko wenzao wenye rangi, na kiraka chao ni kidogo zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba melanini inayokosekana haikuwa ndani ya seli hizo hata kidogo. Ilikuwa kwenye tabaka la rangi nyuma ya retina. Ukosefu wake unavuruga mpangilio wa seli changa za retina, na matokeo yanaonekana mbali, kwenye kiazma. Usichanganye albino na weusi kwenye jedwali moja.

Swali: Wataalamu, salamu. Vitabu vya shule vinasema habari za jicho hupita kwenye thalamasi kwenda gamba la ubongo la nyuma. Je, kwa panya pia hiyo ndiyo barabara kuu? (Mwalimu wa biolojia)

Jibu: Mwalimu, hapana. Kwa kipanya na panya barabara kuu inakwenda kwenye ubongo wa kati, kwenye kilima cha juu, ambacho wataalamu hukiita kolikulasi ya juu. Seli ganglioni za retina ndizo pekee zinazotoa akzoni nje ya jicho, na kwa kipanya 85 hadi 90 kati ya kila 100 zinafika kilimani. Kwa panya ni karibu zote. Kwenye kiini cha goti, kile cha thalamasi kinachopeleka habari kwenye gamba, zinafika kama theluthi moja hadi nusu.

Wanafunzi wako watauliza mara moja: mbona jumla inapita 100? Kwa sababu akzoni hugawanyika. Akzoni ya seli moja inapita kwenye thalamasi, inatoa tawi pale, kisha inaendelea hadi kilimani. Kwa kipanya karibu kila seli inayopeleka tawi kwenye goti inapeleka jingine kilimani. Kwa nyani hesabu imegeuka kabisa: wingi unakwenda kwenye goti, na zinazofika kilimani ni karibu sehemu moja ya kumi.

Kilima chenyewe kina tabaka. Juu kabisa kuna utando mwembamba, chini yake tabaka la kijivu la juu, kisha tabaka la nyuzi za macho. Akzoni za retina huingia kwa tabaka la nyuzi, kisha hupanda na kutawanya matawi yake kwenye kijivu. Nyuzi chache za upande uleule hukaa chini zaidi, vishadavishada, karibu na ukingo wa mbele. Tabaka za ndani zaidi hazipokei jicho moja kwa moja. Hupokea sauti na mguso, na ndiko amri za kugeuza kichwa na mwili zinakotoka.

Ramani yake inafaa kuchorwa ubaoni. Retina ya upande wa pua inafika nyuma ya kilima, retina ya upande wa sikio mbele. Retina ya chini, ambayo ndiyo inayoona juu, inafika karibu na mstari wa kati. Retina ya juu inafika pembeni. Kwa hiyo anga yote juu ya mgongo wa kipanya imechorwa kwenye ukanda wa ndani wa vilima viwili, kulia na kushoto vikipakana. Mnyama anayewindwa na ndege hapo ndipo penye uhai wake. Mwaka 2013 Yilmaz na Meister walionyesha kwamba kivuli cheusi kinachopanuka juu ya kipanya kinamfanya akimbilie maficho au agande papo hapo, bila kufundishwa. Kivuli hichohicho kikipanukia chini yake, hashtuki hivyo.

Na kama wanataka ushahidi kwamba barabara hizi mbili zina kazi tofauti, wape jaribio la Gerald Schneider la mwaka 1969 kwa hamsta. Walioharibiwa kilima waliweza kutofautisha michoro lakini hawakuweza kugeukia chakula kilichooneshwa pembeni. Walioharibiwa gamba la kuona waligeukia chakula vizuri, ila michoro iliwashinda.

Swali: Habari za kazi. Natumia CTB kufuatilia neva za macho za kipanya. Mara rangi inatoka hafifu, mara inaonekana mahali isipostahili, na vipande vya kilima vinatoka vimechanika. Naomba mnipitishe hatua kwa hatua. (Fundi wa maabara)

Jibu: Nzuri, ndugu fundi. Kwa wasomaji wengine: CTB ni kijisehemu B cha sumu ya kipindupindu, kile kisicho na madhara, kilichounganishwa na rangi inayong'aa. Seli ganglioni hukimeza na kukisafirisha hadi mwisho wa akzoni. Tunachukulia una kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na kwamba kipanya amelala kabisa kwa dawa, na jicho limetiwa ganzi ya matone.

Mengi yanaharibikia kwenye sindano. Lenzi ya kipanya ni kubwa mno kwa jicho lake. Imejaza sehemu kubwa ya ndani, na ute uliobaki ni mikrolita 5 tu hivi. Ukilazimisha mikrolita 3, utasukuma rangi itoke nje au uibane retina. Tumia mikrolita 1 hadi 2. Toboa kwanza kwa sindano ya geji 30, nyuma kidogo ya mpaka wa konea na weupe wa jicho, acha tone la majimaji litoke ili kupatikane nafasi, kisha ingiza sindano ya geji 33 au bomba la kioo kwa kuielekeza nyuma, kama digrii 45, ukizungusha njia ili usiguse lenzi. Sukuma polepole kwa dakika nzima, subiri dakika nyingine, halafu chomoa. Lenzi ikichubuliwa inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi, na mnyama huyo mwondoe kwenye hesabu, kwa sababu jeraha la lenzi huamsha uvimbe unaobadilisha tabia za akzoni zenyewe.

Ile rangi inayoonekana mahali isipostahili ni karibu hakika uvujaji. CTB ikimwagika nje ya jicho, misuli inayozungusha jicho huinywa na kuipeleka kinyumenyume hadi kwenye seli za neva zake. Angalia ubongo wa kati, chini ya mfereji wa maji wa katikati: ukiona miili mikubwa ya seli inang'aa kwenye kiini cha neva ya tatu, rangi ilivuja. Retina haipeleki nyuzi kwenye kiini hicho. Ni kipimo kizuri kuliko kumbukumbu ya mkono wako, kwa hiyo kikague kwa kila mnyama, hata yule unayedhani alikwenda vizuri.

Subiri siku 2 hadi 3 kwa kipanya, 3 hadi 5 kwa panya. Kisha osha damu kwa bafa ya fosfeti kupitia moyoni na fuatisha paraformaldehidi (dawa ya kukaza tishu) ya asilimia 4, pH 7.4, kiasi cha mililita 20 hadi 40 kwa kipanya.

Sasa kuhusu kilima kuchanika. Kati ya gamba na serebela kuna utando mgumu unaoshuka, umeshikamana na fuvu kwa juu na unalalia kilima kwa chini. Ukinyanyua mfupa wa juu kwa pupa, utando unafuatana nao na kukwangua tabaka la juu la kilima, tabaka lilelile lenye rangi yako. Nyanyua mfupa kidogo, ingiza ncha ya mkasi mdogo pembeni, ukate utando kulia na kushoto, ndipo umalize. Kwa chini, usivute ubongo ukiwa umeshikwa na neva za macho. Zikate kwanza karibu na mfupa. Ukivuta, kiazma inang'oka, na kiini cha saa ya mwili kinachokaa juu yake kinaondoka nayo.

Acha ubongo ndani ya paraformaldehidi usiku mmoja kwa nyuzijoto 4, kisha sukari ya asilimia 30 mpaka uzame wenyewe chini ya chupa. Ubongo unaoelea bado una maji. Ukiugandisha, barafu itatoboa matundu kila mahali. Kabla ya kukata, toboa kitundu kidogo kwa sindano upande wa kushoto chini ya gamba, ili kulia na kushoto visije kubadilishana kwenye kioo. Kata vipande vya mikromita 40 hadi 50. Kwa kipanya, kiini cha saa utakipata milimita 0.2 hadi 0.8 nyuma ya bregma (makutano ya mishono ya fuvu upande wa mbele), kiini cha goti karibu 2.0 hadi 2.8, kilima 3.2 hadi 4.8.

Uhafifu wa rangi kwa kawaida ni mojawapo ya mawili: sindano iliishia ndani ya lenzi, au vipande viliachwa mwangani. Funika kila kitu kwa karatasi ya alumini. Na kama unatia macho mawili rangi mbili, kumbuka tishu yenyewe hung'aa zaidi kwenye kijani, hasa kwa mnyama mzee, kwa hiyo ishara dhaifu utaiona vizuri zaidi kwenye nyekundu.

Swali: Kwenye vipande vyangu nashindwa kutenganisha sehemu za kiini cha goti. Zote naziona ni doa moja kubwa. (Mwanafunzi wa shahada ya pili)

Jibu: Kwa kipanya usitafute tabaka kama za nyani au paka, rangi ya Nissl, ile inayopaka miili ya seli, haitakuonyesha. Anza na sehemu ya mgongoni, doa lenye rangi nzito na mpaka mkali upande wa ndani, pale linapopakana na kiini cha pembeni cha nyuma ambacho karibu hakina rangi. Shuka chini kidogo: kuna ukanda mwembamba kama jani, ndio jani la kati ya magoti. Chini yake ni sehemu ya tumboni. Jani hilo likikusumbua, lipake kingamwili ya nyuropeptidi Y. Seli zake zitajitokeza.

Ndani ya sehemu ya mgongoni kuna ganda na kiini cha ndani. Ganda, lililo nje na juu, hupokea seli za retina zinazohisi mwelekeo wa mwendo, na pia hupokea nyuzi kutoka kilimani. Hii tofauti inaonekana kwa alama za seli, si kwa macho matupu.

Swali: Nimehesabu seli kwenye tabaka la ganglioni la retina ya kipanya nikapata zaidi ya 100,000. Mbona wengine wanasema 45,000? (Mtafiti chipukizi)

Jibu: Umehesabu na wageni. Zaidi ya nusu ya seli za tabaka hilo kwa kipanya ni seli amakrini zilizohamia hapo, na hazina akzoni inayotoka nje ya jicho. Ukubwa wa seli hautakusaidia kuzitenganisha. Tumia kingamwili ya RBPMS, inayoshika seli ganglioni zote. Brn3a ni nzuri lakini inaacha baadhi, hasa seli nyingi zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga kwa ajili ya saa ya mwili, kwa hiyo usiitumie kama swali lako ni la saa ya mwili. Wastani ni kama seli 3,000 kwa kila milimita ya mraba, na katikati zimebanana kuliko ukingoni. Chukua sampuli kutoka katikati hadi pembeni kwenye robo zote nne za retina. Ukipiga picha za katikati tu na kuzidisha, utatia chumvi bila kukusudia.

Swali: Vipanya wetu wa ukoo wa C3H wanashindwa kila jaribio la kuona, lakini wakiwekwa kwenye giza na mwanga wa zamu wanaamka na kulala kwa saa zilezile. Ni vipofu au si vipofu? (Timu ya maabara ya tabia za wanyama)

Jibu: Kwa picha, ni vipofu. C3H hubeba badiliko la rd1 kwenye jeni Pde6b. Seli fimbo zao hufa ndani ya wiki chache za kwanza, na seli koni hufuata. FVB na CBA/J ni vivyo hivyo. Msinunue koo hizi kwa majaribio ya maze yenye alama za kuonwa. Na hata C57BL/6 wana la kuangaliwa: tawi la 6N lina badiliko la rd8 kwenye jeni Crb1 linaloharibu retina, tawi la 6J halina. DBA/2J huona wakiwa wachanga, kisha shinikizo la jicho huua seli ganglioni zao kadiri wanavyozeeka.

Saa yao inaendelea kwa sababu kuna seli ganglioni zinazohisi mwanga zenyewe, kwa protini ya melanopsini, hasa mwanga wa buluu wa nanomita 480 hivi. Zilielezwa mwaka 2002. Akzoni zake zinaingia kwenye kiini kilicho juu ya kiazma, chenye seli 10,000 hivi kila upande, na tofauti na kila tulichosema hapo juu, njia hii inagawanyika karibu sawasawa kulia na kushoto. Tawi jingine linakwenda kwenye kiini cha zeituni mbele ya kilima, ambako amri ya kubana mboni inaanzia: kutoka hapo hadi kiini cha Edinger-Westphal, kisha ganglioni ya silia nyuma ya jicho, kisha msuli wa irisi.

Mkitaka uhakika, murikeni jicho moja kwa mwanga mkali na mtazame mboni. Kwa C3H mzima itabana, ingawa kwa mwanga mkali kuliko anaouhitaji kipanya anayeona. Ilipofika 2003 ilikwisha kuonyeshwa kwamba kipanya asiye na fimbo, koni wala melanopsini zinazofanya kazi haoni, habani mboni, wala saa yake haifuati mwanga.

Swali: Fuko kipofu ana macho chini ya ngozi. Ubongo wake unayafanyia nini? (Msomaji wa miaka mingi)

Jibu: Swali zuri sana. Huyu ni Spalax wa mashariki ya Mediterania, na jicho lake halifiki milimita 1 kwa upana. Ngozi na manyoya vimelifunika, lenzi haitengenezi picha. Lakini retina ipo na inahisi mwanga, na nyuzi zake chache, mamia tu, zinakwenda kwenye kiini cha saa ya mwili kwa wingi kuliko unavyotarajia. Sehemu za kuunda picha, yaani tabaka la juu la kilima na kiini cha goti, ndizo zilizonywea.

Kiini cha goti hakikuachwa bure. Kimevamiwa na nyuzi kutoka kilima cha chini, kile cha sauti, na eneo la gamba ambalo kwa panya lingekuwa la kuona linaitikia sauti. Usimchanganye na fuko uchi wa Afrika Mashariki: huyo macho yake ni madogo lakini yanafumbuka.

Swali: Kwa nini gamba la kuona la kipanya halina nguzo za mwelekeo, yaani mafungu ya seli jirani zinazopenda mistari ya mwelekeo mmoja, kama la paka? Ni kwa sababu anaona vibaya? (Mwanafunzi wa udaktari)

Jibu: Anaona vibaya kweli: uwezo wake ni kama jozi 0.5 za mistari (mweusi na mweupe) kwa digrii, panya mwenye rangi hufika 1. Lakini hiyo siyo sababu. Seli za gamba lake zinachagua mwelekeo vizuri, ila jirani na jirani hazifanani. Zimechanganyika kama chumvi na pilipili manga. Ukidhani ni ukosefu wa uoni mzuri, mtazame kindi wa kijivu. Anaona mchana, ana gamba la kuona kubwa na kilima kikubwa ajabu, na bado hana ramani ya mwelekeo. Fereti, wa jamii ya kicheche, na tupaya, mnyama mdogo wa Asia anayefanana na kindi, wanayo, na wote ni wanyama wadogo. Kwa hiyo ukoo unaeleza zaidi kuliko ukubwa wa mwili au ukali wa macho: wagugunaji hawana, hata walio hodari wa kuona.

Eneo la kwanza la kuona kwa kipanya liko karibu na usawa wa lambda (makutano ya mishono ya fuvu upande wa nyuma), milimita 2.5 hadi 3 kutoka mstari wa kati, na ukanda wa macho mawili uko kwenye ukingo wake wa nje. Kulizunguka kuna maeneo mengine angalau 9 yenye ramani zake, kama Wang na Burkhalter walivyoonyesha mwaka 2007. Ukitaka kuona mpaka wake, bandua gamba, lilaze kati ya vioo viwili, likate sambamba na uso na ulipake rangi ya kimeng'enya saitokromu oksidesi. Tabaka la 4 la maeneo ya kwanza ya hisi litatoka jeusi kuliko mazingira yake.

Swali: Ni kweli popo wa matunda ni ndugu wa nyani kwa ajili ya macho yake? (Msomaji)

Jibu: Hoja hiyo aliitoa Pettigrew mwaka 1986. Aliona kwamba kilima cha popo wakubwa wa Pteropus kinapokea nusu ya upande wa pili wa mandhari tu, kama cha nyani. Uchunguzi wa DNA baadaye umewaweka popo wote katika kundi moja, mbali na nyani. Mfanano wa njia za neva, hata wa kupendeza namna hiyo, unaweza kuzuka mara mbili.

Swali: Nikishalaza retina bapa, najuaje juu ni wapi? (Fundi)

Jibu: Baada ya kung'oa jicho umechelewa, maana litazunguka mkononi na hutajua. Mnyama akiwa bado amelala kwenye meza, choma nukta ndogo kwa ncha ya moto kwenye konea, juu kabisa, penye namba 12 ya uso wa saa. Baada ya kuondoa konea, kata mkato mrefu wa kwanza wa retina kutoka kwenye nukta hiyo, na mingine mitatu mifupi. Nukta ikipotea, kwa kipanya bado kuna njia: paka kingamwili ya opsini (protini inayohisi mwanga) ya mawimbi mafupi. Seli koni zenye opsini hiyo zimejazana nusu ya chini na kupungua kuelekea juu. Kwa panya usitegemee njia hii. Mtandazo wake wa opsini si huo, na nukta ya konea ndiyo itakayokuokoa.